Mivumu ya Kapita

Mtu akinisalimia kwa upole uliozidi, mimi hushika mkoba wangu. Nimeuza vitenge Kamembe miaka mingi, nikivuka mpaka kwenda Bukavu na kurudi, na kazi hiyo imenipa jicho baya. Mtu ananiletea kitambaa, anaapa kwa jina la mama yake kwamba ni wax ya kweli, nami nakishika pindo, nakivuta, nakinusa, namrudishia. Kwa jicho hilo hilo nilimtazama Kapita tangu siku ya kwanza, kwa sababu katika bonde lote la Muganza hakukuwa na mtu mwenye salamu nzuri kama zake.

Alivua kofia hata kwa watoto. Alikuuliza habari za nyumbani, kisha za mguu wako uliokuwa unauma, kisha za yule mbuzi aliyekuwa karibu kuzaa, na alikumbuka mbuzi mwenyewe alikuwa wa rangi gani. Sasa niambie, mtu asiye na shida na wewe atakumbuka rangi ya mbuzi wako kwa nini?

Tulimwita Kapita kwa sababu ya kazi yake ya zamani. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya mashamba ya mpunga. Jina lake la ubatizo sikulijua, na alikotoka sikuuliza. Kwetu kuna maswali ambayo mtu mwenye akili hamuulizi jirani, tukaishi naye bila kuyauliza. Alivaa koti la suti juu ya buti za mpira, jua lipige lisipige, na ujue Muganza ni joto. Kiangazi bonde lile hukauka mpaka ardhi inapasuka, vumbi la malori ya mawe linakaa juu ya migomba, na mbwa wanalala mchana kutwa bila kubweka. Yeye na koti lake.

Mama yangu alikuwa na shamba moja tu kule. Lilikuwa na migomba, mihogo na kipande cha mpunga, likiteremka hadi ukingo wa mto Rubyiro. Baba alikuwa amekwisha kufa, na shamba lenyewe marehemu alipewa na baba yake kwa mdomo, bila karatasi, kama mashamba yote ya wakati ule. Lingeondoka shamba lile, mama angelazimika kuja kukaa nami Kamembe katika vyumba vyangu viwili, na mama hakuipenda Kamembe. Alisema kelele za pikipiki zinamwingia kwenye meno. Kwa hiyo kila mtu aliyekanyaga karibu na mpaka wa shamba lile nilimpiga jicho, na Kapita alikanyaga hapo kila siku ya Mungu.

Wakati akiwa bado kwenye kazi ya maji, wanawake walimshuku kwa jambo la kawaida: nani anajaziwa kwanza. Siku moja mwanamke mmoja, Maman Furaha, jirani yetu wa upande wa juu, alimtukana mbele ya watu, akamwita mwizi wa maji. Kesho yake nilikuwa nimeshuka kumwona mama, nikamwona Kapita akifungua mfereji wa Maman Furaha kabla ya mifereji yote. Watu wakasema, ona moyo wake. Mimi nikamwambia mama, "Anamfunga mdomo tu." Mama akacheka akaendelea kutwanga.

Neno lake lilikuwa moja. Ukimwambia bei ya mpunga imeshuka, atasema, "Ngoja tusikie maji itasema nini." Ukimwambia binti wa fulani ameposwa, maji itasema nini. Ng'ombe amekufa, maji. Lilinikera neno lile. Mtu anayesema jambo moja kwa kila jambo anaficha analofikiri, ndivyo ninavyoona mimi, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Halafu aliogopa vyura. Nacheka hata sasa. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye maji, na baadaye akajaza ukingo mzima matete na mafunjo ambamo vyura wangefanya harusi zao, chura akimrukia buti alipiga yowe na kutupa jembe. Watoto walijua, wakawa wanamwekea vyura kwenye kofia. Hata hilo nilikuwa nalishuku. Niliwaza, huenda anajifanya.

Sasa nieleze habari ya mivumu, maana asiye wa kwetu hatajua kwa nini roho yangu iliruka.

Mvumu si mti wa kupanda ovyo. Zamani mtu akijenga, alizungusha rugo, yaani ule ua wa nyumba, kwa fito za mvumu, na fito zile zilishika mizizi zikawa miti. Mtu anahama au anakufa, nyumba inaoza, lakini mivumu inabaki imezunguka pale pale, na pengo upande mmoja palipokuwa mlango. Ukipita unasema, hapa palikuwa kwa mtu. Na akitokea wa kudai, huleta wazee, anawaonyesha ile miti, anasema, hii alipanda baba yangu. Wazee wanaitikia kwa kichwa. Nimeona mtu akipoteza nusu ya kilima kwa miti ya namna hiyo. Panda mwembe kwa jirani, atakushukuru. Ukimpandia mvumu, ataita watu.

Basi kazi ya maji ilikwisha, walileta mtu mwingine mdogo zaidi, na Kapita akabaki na jembe lake bila kazi. Mwaka huo huo nilishuka Muganza nikakuta vipande vya mvumu vimesimikwa kwenye pembe ya chini ya shamba la mama, juu kidogo ya ukingo. Havikuwa kwenye mstari, vilizunguka. Nilimkuta akivishindilia udongo, koti limetundikwa kwenye mgomba.

"Kapita," nikamwambia, "juu ya nini unapanda mivumu ku shamba ya mama yangu?"

Akavua kofia. "Zawadi! Umefika salama? Ile goti yako imepona?"

"Goti iko muzuri. Nauliza mivumu."

"Ni juu ya mto, mwanangu. Mto iko inakula udongo ya mama yako. Mizizi itashika."

"Na juu ya nini inazunguka?"

Akautazama mto, akanitazama mimi. "Si mto njo inapinda hapa," akasema.

Nikamkimbilia mama. Mama alikuwa anaanika mihogo, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Wacha Kapita." Nikamwambia watu watasema pale ni kwake. Akasema tena, "Zawadi, wacha Kapita." Nilirudi Kamembe nikiwa nimekasirika na wote wawili.

Katika miezi hiyo pia ndipo kitenge kilipopotea. Nilikuwa nimemchagulia mama kitenge kizuri kuliko vyote nilivyoleta mwaka ule, cha kijani chenye mbayuwayu weupe, nikahakikisha Muganza nzima hakuna mwingine mwenye nacho. Alikivaa kanisani mara moja. Nilipouliza tena, akasema kimepotea kwenye kamba ya kuanikia. Na nani alipita karibu na kamba ile asubuhi na jioni? Kwa muda mrefu kila nilipopita mbele ya nyumba ya Kapita nilitupa jicho dirishani, kuona kama kuna pazia la kijani.

Baada ya mivumu ile ya kwanza hakusimama tena. Serikali ilikuwa imekwisha sema ukanda wa kando ya mto usilimwe, na watu walikuwa wanalima kama kawaida, wakingojea kufukuzwa. Kapita alishuka chini kabisa kwenye maji akaanza na matete. Nyuma ya matete akapanda majani marefu yale ya ng'ombe, nyuma yake miti. Kipande cha mvumu alikiacha kivulini siku kadhaa kwanza, mpaka maziwa yake yakauke, kisha ndipo akakipanda. Na kwa kuwa kiangazi cha kule hakina huruma, kando ya kila mti alizika kipande cha shina la mgomba. Shina lile hukaa na maji ndani yake kama sifongo, na mti unanyonya polepole. Mbuzi waliofunguliwa aliwarudisha kwa wenyewe akiwavuta sikio, na salamu zile zile tamu.

Safari hii alipanda kwenye mstari, kufuata mto. Hilo niliona. Mivumu yote ya baadaye ilifuata mstari, ila ile ya pembe ya mama tu ndiyo iliyozunguka, pamoja na mmoja mdogo kuliko mingine uliosimama pabaya, kama mtu aliyechelewa kanisani. Nilipouliza, Kapita alinijibu mto unapinda. Haya.

Ndege wakaja, na ugomvi ukaja nao. Mnana walijenga kwenye matete mpaka matete yakainama, na alfajiri walishuka kwenye mpunga wa watu kama wamealikwa. Maman Furaha aliitisha kikao pale penye ghala la mpunga. Nilikuwepo, sikutaka kukosa.

"Huyu muntu anafuga ndege," Maman Furaha akasema. "Sisi tunapanda, yeye anafuga. Na nyoka pia anafuga. Bibi ya mukubwa wangu ameona nyoka ku majani yake, kubwa kabisa."

"Ile ilikuwa kenge," Kapita akasema.

"Kenge inakula nini? Si kuku yangu?"

"Inakula mayai ya ndege wenye kukula mpunga yako, Maman."

Watu wakacheka, Maman Furaha hakucheka. Akamwambia kama ndege ni wake, aje awafukuze. Na kweli, kuanzia kesho yake, mpaka mpunga ulipovunwa, Kapita alisimama asubuhi katika shamba la Maman Furaha na koti lake, akipiga debe, akifukuza ndege aliowajengea nyumba mwenyewe. Mchana alirudi kumwagilia miti watakayolalia. Mimi nilikuwa nakufa kwa kicheko, na bado nilikuwa najiuliza anataka nini.

Kuna siku walikuja wageni na darubini. Kapita alikuwa amevaa tai. Juu ya shati lile la kulimia, na buti za mpira, tai nyekundu. Aliwapitisha ukingo mzima, akiwaonyesha kwa kidole bila kusema, maana Kifaransa chake kilikuwa cha amri za mfereji tu: fungua, funga, toka hapo. Nikawafuata kwa nyuma. Nilikuwa na hakika ameuza ukingo. Nilimuuliza dereva wao kwa siri wamekuja kununua nini. Akasema wamekuja kutazama korongo, wale wenye taji kichwani, tunaowaita misambi, kwamba wamerudi kwenye mafunjo na wanataga. Nikamuuliza, wametoka huko kote kutazama ndege? Dereva akainua mabega. Naye hakuamini, nilimwona usoni.

Lakini misambi walikuwepo. Siwezi kukataa kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nilipokuwa msichana mdogo walikuwepo, kisha watu wakalima mpaka majini wakatoweka, nikadhani ndiyo basi. Sasa walikuwa wawili, wanatembea kwa madaha kando ya maji kama mabibi harusi wanaoogopa kuchafua viatu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Tazama, wamerudi," akajipangusa macho. Nilitazama pembeni kwa sababu sijui kufanya nini mama yangu anapolia.

Hapo nikaanza kushuku jambo lingine. Usicheke, lakini nilishuku. Mama alikuwa akimpelekea Kapita sombe, yaani kisamvu, kwenye kibakuli chenye kifuniko. Kapita alikuwa akirudisha kibakuli kimejaa maembe. Hawakukaa pamoja, hawakuongea sana, walisalimiana tu, na salamu zenyewe zilikuwa ndefu na tamu mno. Nilimuuliza mama waziwazi kama Kapita anamtaka. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akakaa chini, akacheka tena. "Kapita?" akasema. "Zawadi, weye utazeeka mbele yangu."

Ikafika siku ya kupima ardhi, na hiyo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa tangu kipande cha kwanza cha mvumu. Vijana wa kupima walishuka na picha kubwa ya bonde iliyopigwa kutoka angani, wakapita shamba kwa shamba. Mwenye shamba anasimama, majirani wanasimama, watu wanasema hapa ni pa nani, na hilo linaandikwa kwa maisha yote. Nilifunga duka. Nilishuka na sauti yangu yote, niliyoizoeza sokoni, nikasimama mbele ya mama kama ukuta.

Kijana mmoja akaweka kidole kwenye picha, kwenye pembe ya chini. "Hii miti imezunguka," akasema. "Ni rugo ya nani?"

Kila mtu pale alijua nani aliipanda. Maman Furaha akakohoa. Nilikuwa tayari kufungua mdomo, na Kapita akavua kofia.

"Haiko rugo," akasema. "Rugo iko na mlango. Muende muangalie kama munaona mlango."

Vijana wakaenda, wakazunguka miti, wakarudi. Hakukuwa na mlango. Miti ilifunga pande zote.

"Hii shamba ni ya Mama Zawadi," Kapita akasema, "mpaka kule mivumu inaishia. Muandike vile."

Wakaandika vile. Nilimtazama mama, nikakuta anatazama vidole vya miguu yake na kutabasamu. Nilidhani anafurahi kupata karatasi. Na mimi, badala ya kushukuru, jioni nzima nilikuwa nawaza Kapita atarudi kudai nini kwa wema ule. Nilingoja mwaka mzima. Hakudai kitu. Nikazidi kumwogopa.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja vibaya. Rubyiro ilipanda usiku na mchana, ikabomoa ukingo kwa vipande vikubwa kama mtu anayekata keki. Mashamba ya upande wa pili yaliondoka na mihogo yake, na mahali ambapo watu walikuwa wamekataa matete, maji yaliingia mpaka kwenye milango. Maman Furaha alipoteza kona nzima ya mpunga. Penye mivumu udongo ulikaa. Maji yalipopungua, Maman Furaha alifika kwa Kapita akiwa na panga mkononi, watu wakadhani kuna mauaji. Alikuwa amekuja kuomba vipande vya kupanda. "Usinichagulie bibaya," akamwambia, na Kapita akamuuliza habari za kuku wake.

Baada ya hapo ukanda ule ulikua haraka. Miti ilianza kuzaa, na yale matunda madogo yalipoiva walikuja ndege, shorobo na hondohondo, na popo jioni. Mdiria walitoboa ukingo mtupu uliobaki. Fisi-maji, ambaye watoto wa Muganza walikuwa wanamsikia katika hadithi tu, alionekana akila samaki juu ya jiwe kama mwenye nyumba. Kiangazi, bonde lote likiwa limegeuka rangi ya gunia, ulikuwa unaona mstari mmoja wa kijani kutoka barabarani, na abiria walitoa vichwa kwenye basi kuuliza ni nini. Kapita mwenyewe alitega samaki humo humo na kuwagombeza wengine wakitega. Nilimwambia ni mnafiki. Akasema, "Mimi niko muzee, samaki wananihurumia."

Mama alikufa katika nyumba yake, bila kusikia pikipiki. Kapita alibeba jeneza mbele, upande wa kichwa, akiwa na koti lile. Hakulia, au sikumwona.

Nilijaribu kuliendesha shamba kutoka Kamembe, ikanishinda. Akatokea mtu wa kununua, mtu wa tanuri za matofali, mwenye haraka. Nikakubali kwa mdomo. Sikumwambia mtu wa Muganza.

Siku chache kabla ya kutia sahihi, Kapita alisimama mbele ya duka langu Kamembe. Hakuwahi kupanda kuja Kamembe hata siku moja, alikuwa anasema mji unamzungusha kichwa. Alikuwa amezeeka sana, koti lilimning'inia, na buti zile za mpira alikuwa amezipangusa kwa maji. Akavua kofia. Akaniuliza goti. Nikashika mkoba.

"Nimesikia unauzisha shamba," akasema.

"Nauzisha, ndiyo."

"Ule mununuzi atakata miti. Iko anatafuta kuni ya tanuri."

"Miti ni yangu, Kapita. Weye mwenyewe ulisema mbele ya watu."

"Ni yako. Njo maana nimekuya. Kuna kitu haujue."

Nilimpa kiti. Hakukikalia, alishika egemeo la kiti kwa mikono miwili.

"Ile mivumu ya kwanza," akasema, "haikukuwa juu ya mto. Nilipanda juu ya kukamata shamba ya mama yako."

Niliuvuta mkoba kifuani.

"Nilikuwa nimetoka ku maji, sina kazi, sina fasi," akaendelea. "Baba yako amekufa, weye uko huku. Nikasema, mjane atachoka. Nikapanda rugo, nikaacha mlango upande wa njia. Nikasema miti ikikomaa nitaleta bazee, nitawaambia, muangalie, hapa njo kwetu ya zamani. Weye ulijua. Kila mara uliniangalia vile, nilikuwa naona unajua."

"Na mama?"

"Mama yako hakupiga kelele." Akakisogeza kiti kidogo. "Asubuhi moja nimefika, nimekuta mvumu imepandwa katikati ya mlango. Katikati kabisa. Imefungwa ku kijiti na kile kitenge ya kijani, ya ndege nyeupe, ile ulimuletea. Bonde nzima ilijua ile kitenge ni ya nani. Nikashika jembe, niing'oe. Mama yako alikuwa amekaa pale pale, anamenya mihogo. Akaniambia, Kapita, karibu, umekuya kunisaidia kumwagilia? Akanipatia bidon ya maji."

"Weye ukafanya nini?"

"Nilienda kuchota. Ningefanya nini?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kucheka.

"Kiangazi yote nimemwagilia ule mti," akasema. "Nikitaka kuacha, nakuta ile bidon imewekwa mbele ya nyumba yangu asubuhi. Basi, nikimwagilia moja, nakuwa namwagilia na ingine. Kisha nikaona udongo imesimama kweli. Kisha ndege. Kisha nikazoea."

"Na hakukusemea? Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Miaka yote ile alikuwa ananisalimia muzuri sana."

Akavaa kofia yake, akasema anataka kununua chumvi kabla ya basi, akaondoka akishika kuta. Hakuniomba nisiuze. Nilimtazama mpaka akapotea katikati ya watu, na niwaambie ukweli, sikumwamini. Niliwaza, mzee huyu ameipenda miti yake, ametunga hadithi ya mama ili anishike moyo. Mtu mwenye salamu zile anaweza kutunga chochote.

Nilifunga duka nikashuka Muganza siku hiyo hiyo. Nilienda moja kwa moja kwenye pembe ya chini, nikautazama mto kwanza. Pale haupindi. Umenyooka kutoka shamba la juu mpaka la chini, na miaka yote ile sikuwahi kusimama kuutazama, nilikuwa namtazama yeye tu.

Nikaizunguka mivumu nikatokea upande wa njia, penye ule mti mdogo uliosimama pabaya. Nilijaribu kupita kati yake na wenzake, bega likakataa. Nikapiga magoti, goti lile bovu, nikapapasa shina kuanzia chini. Karibu na usawa wa kiuno cha mtu aliyekaa kulikuwa na kovu limezunguka shina, kama mkanda. Gome lilikuwa limemeza kitu. Nikachimba kwa ukucha, ukatoka uzi, kisha pindo, dogo kama kidole, limeoza upande mmoja na upande wa pili bado ni la kijani.

Nililivuta. Nililinusa. Ilikuwa wax ya kweli, yangu, na nusu ya bawa la mbayuwayu ilikuwa inaonekana.

Nikampigia simu mtu wa matofali, nikamwambia atafute kwingine. Akauliza kuna tatizo gani. Nikakata simu. Nilikuwa nimekaa chini mahali mama alipokuwa anamenyea mihogo, namfikiria akiniambia, uso mkavu kabisa, kimepotea kwenye kamba. Kwa kitambaa sijawahi kudanganywa na mtu yeyote, ila mama.